Bare ya kukokotea kamyo: itengenezeni kabla haijaumiza mutu



Picha hii tunaijua wote. Mvua imenyesha usiku kucha. Kamyo ya mihogo na maharagwe inakuja Bunia, na injini inazimika njiani. Vijana wanakata matawi na kuyaweka barabarani, ishara kwamba gari imekufa. Magunia yanaanza kuloa. Kama ni samaki wa Kasenyi, hawawezi kungoja hata siku moja. Halafu mutu anasema: "Leteni ile bare, tufunge, twende!" Bare inatolewa: imepinda, iko na ufa, na pini yake ilipotea zamani. Mahali pa pini wanapachika kipande cha nondo ya kujengea.

Siku hiyo gari inafika gereji ya Nyakasanza. Siku ingine haifiki.

Kwa nini bare, si kamba?

Kamba inajua kuvuta tu, haijui kuzuia. Kwenye kamyo yenye breki za hewa, injini ndiyo inayojaza hewa. Injini ikikufa na hewa ikiisha, springi za breki zinajifunga zenyewe. Ili gari ikokotwe, mufundi anazifungua kwa mkono. Kuanzia hapo kamyo haina breki, na usukani wake unakuwa mzito sana. Uzito wote uko juu ya bare.

Pigeni hesabu. Kamyo ya tani 10 kwenye mteremko unaoshuka mita 10 kwa kila mita 100 inasukuma bare kwa nguvu ya karibu tani 1. Hiyo ni gari ikitembea polepole bila kuruka. Ikiingia shimo au dereva akikanyaga breki kwa ghafula, nguvu hiyo inazidi mara kadhaa. Anayeshuka kutoka Bogoro kwenda Ziwa Albert anaelewa tunasema nini.

Kuipima bare

Usiamini macho tu. Osha bare, toa matope, kutu na rangi kwenye sehemu zilizochomelewa. Paka mafuta ya taa, ngoja kidogo, pangusa kabisa, kisha paka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka ndani yake na kuchora mstari kwenye chaki. Njia hii haina gharama, na inaonyesha nyufa nyingi ambazo jicho halioni.

Vuta uzi kutoka pete moja hadi nyingine. Bomba likiachana na uzi, limepinda. Bomba lililopinda halina tena nguvu ya kusukumwa: likibanwa mteremkoni litakunjika palepale. Angalia pia tundu za pete. Tundu iliyokuwa duara ikigeuka kama yai, imekwisha.

Kuitengeneza

Bomba lililopinda libadilishwe. Kulipasha moto na kuligonga nyundo kunalidhoofisha. Pete iliyolika ibadilishwe nzima, isijazwe kwa kuchomelea. Ufa kwenye kiungo unaweza kutengenezwa, lakini kwa utaratibu:

1. Ufa uchimbwe wote kwa mashine ya kusaga mpaka chuma safi kionekane. Kuufunika kwa juu ni kuficha ugonjwa.
2. Bomba lililozibwa pande zote litobolewe tundu ndogo kabla ya kupata moto. Hewa iliyofungwa ndani inaweza kulipasua.
3. Zitumike fimbo za kuchomelea aina ya 7018, zikiwa kavu. Zilizopata unyevu zinaleta nyufa mpya.
4. Chuma kinene kipashwe moto kwanza, na baada ya kazi kiachwe kipoe chenyewe. Msimwagie maji!
5. Pini iwe ya chuma kigumu, iliyo sawa na tundu, na kipini cha kuizuia isichomoke. Bolti inayotumika kama pini iwe na alama 8.8 au 10.9 kichwani. Nondo hapana.

Siku ya kukokota

Kamyo inayovuta isiwe nyepesi kuliko inayovutwa. Kama mzigo ni mwingi, shusheni magunia kwanza. Kazi hiyo inachosha, lakini mzigo uliopinduka unapotea wote. Fungeni bare kwenye sehemu imara ya chasi, si kwenye bampa. Ongezeni mnyororo chini yake, bare ikikatika ushikilie. Kama mipira ya hewa inaweza kuunganishwa kutoka gari ya mbele, iunganisheni, gari ya nyuma ipate breki.

Gia iwekwe huru. Safari ikiwa ndefu, shafti inayopeleka nguvu nyuma ifunguliwe, maana kwenye magari mengi sanduku la gia halipati mafuta injini ikiwa imezimwa.

Mutu asisimame katikati ya magari mawili yakitembea, wala asikalie bare. Wakati wa kufunga, mmoja tu anatoa ishara. Mwendo uwe wa pole, na mteremkoni dereva wa mbele ashuke kwa gia ndogo.

Mkifika, wekeni kwanza mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, ndipo mchomoe pini. Gari iliyofunguliwa springi haishikwi na kitu kingine. Na yale matawi na mawe mliyoacha njiani, yaondoeni; usiku pikipiki inapita.

Kazi ya kamati

Bare ya kooperative iko ya wote, ndiyo maana mara nyingi haina mwenyewe. Chagueni mutu mmoja wa kuitunza. Aandike kwenye daftari siku ilipopimwa, nani aliitengeneza, na inabeba tani ngapi. Pini zitundikwe pamoja nayo kwa mnyororo mdogo. Pesa ya matengenezo itoke kwenye mfuko wa usafiri, isingojee ajali.

Kwenye mkutano ujao, kabla ya kusema bei ya maharagwe, bare iletwe mbele ya watu, pamoja na chaki na mafuta ya taa. Kila mwanachama aione kwa macho yake.