Kwa Nini Misuli Huuma Siku ya Pili

Kijana anayeanza kibarua cha kupakua magunia Tunduma mara nyingi jioni ya kwanza huwa mchovu tu. Anaoga, anakula, analala. Asubuhi mapaja yamekaza, na keshokutwa yake hata kuchuchumaa chooni ni kazi. Hapo kila mtu anakuja na jibu lake, na linalotajwa zaidi, hata na makocha wetu wa mpira, ni asidi ya laktiki iliyojaa kwenye misuli.

Asidi hiyo inasingiziwa. Laktiki hutengenezwa msuli unapofanya kazi ya nguvu, lakini ukishapumzika huisha ndani ya saa moja au mbili. Maumivu haya huanza saa kadhaa baada ya kazi na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Mwaka 1902 mwanafiziolojia wa Marekani, Theodore Hough, alieleza kwamba chanzo ni mipasuko ndani ya msuli wenyewe. Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa ni michubuko midogo mno ya nyuzi zake. Mwili unapoanza kuitengeneza, sehemu hiyo huvimba kidogo na neva zake huwa nyepesi kuhisi maumivu.

Kinachochubua zaidi ni kushusha mzigo kuliko kuupandisha. Mtazame mtu anayeshuka kwenye lori kwa ubao, gunia la mahindi begani. Kila hatua goti linakunjika, na msuli wa mbele ya paja unarefuka huku ukizuia uzito wote usiporomoke. Ni hivyo hivyo kwa anayepanda mlima Loleza pale Mbeya: pumzi humwishia akipanda, lakini mapaja huumia akishuka.

Msuli uliochubuka hivyo ukapona hukomaa haraka. Kazi ileile ikirudiwa baada ya wiki moja au mbili, huuma kidogo sana. Ndiyo maana nawasihi wasimamizi wa vibarua wampe mgeni mizigo michache siku za mwanzo. Kumjaribu kwa lumbesa siku ya kwanza ni ukatili.

Aliyekwisha kuumia asilale kitandani kutwa. Atembee taratibu, afanye kazi nyepesi, achuliwe polepole bila kukandamizwa, ale maharage au dagaa, alale vya kutosha. Kujinyoosha hakudhuru, ila faida yake ni ndogo. Kwa kawaida maumivu huisha ndani ya wiki.

Kinachonitia hofu ni diklofenaki inayomezwa asubuhi ili mtu arudi mzigoni. Dawa hiyo inaweza kudhuru figo, hasa kwa mtu aliyeshinda juani bila kunywa maji ya kutosha. Tena humwondolea maumivu yanayomwonya apunguze mzigo.

Homa ikiambatana na maumivu, kapime malaria usibahatishe. Maumivu yaliyokuja ghafla ukiwa kazini, au yaliyo ndani ya kiungo, ni jeraha na yanahitaji kuangaliwa. Na mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, misuli ikavimba na kuishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hiyo ni dalili kwamba misuli imevunjika kwa wingi na mabaki yake yanaziba figo. Akicheleweshwa, mgonjwa anaweza kupoteza figo au maisha.