Likasi: Kabla ya kununua rejeta kubwa, angalia kifuniko chake

LIKASI – Oktoba ni mwezi mgumu kwa injini, au motere kama tunavyosema hapa Likasi. Mvua haijashika, joto la mchana linapita nyuzi 30, na barabara inayounganisha Lubumbashi, Likasi na Kolwezi imejaa malori ya shaba na kobalti. Gari dogo lenye nguvu likikwama nyuma ya malori hayo kwenye mpando, sindano ya joto huanza kupanda.

Wanaopenda magari ya mbio kama Toyota Mark II, Chaser na Altezza, au Subaru Impreza yenye tabo, wengi hutafuta dawa kwa kuongeza kitu: rejeta kubwa, feni ya pili, tundu kwenye boneti. Wengine hutoa kitu, hasa termostati. Baadhi ya mabadiliko hayo husaidia kweli. Mengine huharibu injini polepole, na mwenye gari hugundua siku gasketi ya silinda hedi inapoungua na maji kuingia kwenye oili. Kwa mtu anayetegemea gari hilo hilo kufika kazini, hiyo ni hasara ya miezi mingi.

Joto zaidi, rejeta ile ile

Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja tu ya nishati ya petroli ndiyo inayosukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki hubebwa na maji ya rejeta, oili na hewa. Ukipandisha presha ya tabo ili upate nguvu zaidi, umepandisha pia joto ambalo rejeta lazima ilitoe. Ukiweka intakula kubwa mbele ya rejeta, hewa inayoifikia rejeta inapungua na tayari imepata joto.

Maji huchemka mapema hapa

Likasi iko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo, maji kwenye sufuria huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, si 100 kama kule Dar es Salaam. Injini nyingi za petroli hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95. Bila presha, maji yangekuwa karibu kuchemka kila siku.

Kinachozuia hilo ni kifuniko cha rejeta. Vifuniko vingi vya magari ya Kijapani vimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani kiwango cha presha kinachoshikiliwa na springi yake. Kifuniko kizima cha 0.9 hupandisha kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 115 hivi hata hapa Likasi. Mpira wake ukichakaa au springi ikilegea, faida hiyo yote inapotea. Ndiyo maana kifuniko kipya ni kipuri cha kwanza kununua, na ni miongoni mwa vile vya bei ndogo. Kuweka chenye presha kubwa kuliko aliyopanga mtengenezaji, hata hivyo, ni kuhatarisha mipira na matangi ya plastiki yaliyozeeka.

Kwa sababu hiyo hiyo, usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Presha ikitoka ghafla, maji yaliyopita nyuzi 96 huchemka papo hapo na kuruka usoni. Subiri hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza.

Termostati si adui

Kutoa termostati ni desturi ya miaka mingi katika gereji za ukanda wetu. Hoja yake ni kwamba maji yakipita bila kizuizi, injini itapoa. Lakini injini nyingi zina njia ya pili ya maji, inayoyarudisha kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Termostati za aina fulani hufunga njia hiyo injini inapopata joto. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupozwa, na gari linaweza kuchemsha zaidi kuliko awali.

Asubuhi za baridi za Juni na Julai huleta shida nyingine: injini isiyo na termostati huchelewa kupata joto lake, hula petroli nyingi na huchakaa haraka. Termostati iliyokwama ibadilishwe kwa nyingine ya nyuzi zile zile. Kama ina kivalvu kidogo cha kutoa hewa, kwa kawaida hukaa upande wa juu.

Upepo hupita njia rahisi

Mabadiliko yenye faida kubwa mara nyingi hayahitaji kipuri cha dukani. Hewa inayoingia kwenye bampa huzunguka rejeta kama imeachiwa mianya pembeni. Kuiziba kwa sponji ngumu au vipande vya bati huilazimisha ipite ndani ya rejeta. Kava la plastiki linalozunguka feni, ambalo hutupwa wakati wa matengenezo, lirudishwe. Bila kava hilo, feni huvuta hewa kwenye sehemu ndogo tu ya rejeta.

Vumbi na mbegu za nyasi hujaa kati ya vibati vyembamba vya rejeta. Vioshwe kwa maji ya presha ndogo, kutoka upande wa injini kwenda mbele.

Kuinua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa chini ya bawaba husaidia gari likiwa limesimama, kwa kuwa hewa ya moto hupata pa kutokea. Katika mwendo wa kasi, presha ya hewa chini ya kioo cha mbele ni kubwa, na huweza kusukuma hewa ndani badala ya kuitoa. Na lile tundu la boneti kwenye Impreza WRX lilitengenezwa kupoza intakula iliyo juu ya injini, si maji ya rejeta.

Feni ya umeme ni badiliko zuri kama inavuta hewa ya kutosha na imefungwa kwa rilei, fyuzi na swichi ya joto. Feni iliyounganishwa moja kwa moja kwa waya mwembamba inaweza kuwasha moto.

Shaba na alumini

Kiwanda cha Shituru, hapa Likasi, kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, enzi za Union Minière. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba, na fundi aliziba tundu kwa risasi ya kulehemu. Za leo nyingi ni alumini yenye matangi ya plastiki. Shaba hupitisha joto vizuri zaidi, lakini alumini ni nyepesi na mirija yake inaweza kuwa mipana. Tangi la plastiki likipasuka, halilehemiki. Asidi ya betri isitumike kusafisha rejeta hizi, kwa kuwa hula alumini. Maji ya kisima nayo huacha chokaa ndani ya mirija. Maji yaliyochujwa madini, yakichanganywa na kulanti, ndiyo yafaayo.

Tafuta chanzo kwanza

Gari likichemsha foleni na kupoa likitembea, shida huwa kwenye feni au kava lake. Likichemsha kwa mwendo wa kasi, kagua rejeta iliyoziba, pampu ya maji au mpira wa chini unaojikunja. Mapovu yakitoka mfululizo kwenye rejeta huku injini ikizunguka, hata baada ya kutoa hewa, huenda gasketi imekwisha. Hapo rejeta kubwa haitasaidia kitu.

Sindano ya kiwandani katika magari mengi hukaa katikati hata joto likipanda kwa nyuzi kadhaa, hivyo geji inayoonyesha namba ifungwe kabla ya kuongeza nguvu. Ikifika 105 na bado inapanda, punguza mwendo na uwashe hita ya ndani kwa nguvu zote. Isiposhuka, simama kando na uzime injini.