Mkono Hujifunza kwa Kutenda

Wengi wetu tumewaona vijana wenye sare wakifuatana na muuguzi katika wodi za Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Msambweni. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya (KMTC) kina tawi papo hapo Msambweni. Mama akiambiwa, "Huyu ni mwanafunzi," huenda akashtuka: "Ati nifanyiwe majaribio mimi?" Swali hilo ni la haki. Hebu tuone jinsi kazi ya mikono inavyofundishwa vizuri.

Tuchukue mfano mmoja. Mtoto amezaliwa, hapumui. Muuguzi ana dakika moja tu, nayo huitwa "dakika ya dhahabu". Amkaushe, amsugue mgongo, na kama bado kimya, aanze kumpulizia hewa kwa ambu, yaani ule mfuko wenye barakoa. Ni kama pumzi 40 kwa dakika, huku akitazama kifua kikiinuka. Mwanafunzi aweza kuyaandika haya yote katika mtihani akapita vizuri. Lakini barakoa isipokaa sawa usoni, hewa hutorokea pembeni na kifua hakiinuki. Hapo kitabu peke yake hakisaidii.

Hatua nne

Njia moja ijulikanayo sana ilielezwa mwaka 1998 na daktari mpasuaji Rodney Peyton. Mazoezi hufanywa kwanza kwa sanamu ya mtoto:

1. Mkufunzi hufanya kazi yote kwa mwendo wa kawaida, bila maelezo.
2. Hurudia polepole, akieleza kila kitendo na sababu yake.
3. Mwanafunzi husema la kufanya, mkufunzi hutenda. Hapa kosa hujulikana likiwa bado mdomoni.
4. Mwanafunzi hufanya mwenyewe huku akieleza.

Baadaye mkufunzi humwuliza, "Wewe umejionaje?" Kisha humweleza lililo sawa na la kurekebisha. Kumkaripia mbele ya watu hakufai. Anayeogopa kukemewa huficha asilolijua, na lililofichwa humfikia mgonjwa.

Mara moja haitoshi

Mkono nao husahau. Dakika kumi za mazoezi kila wiki hufaa kuliko kungoja semina ya mara moja kwa mwaka. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Wala si kila zoezi lahitaji vifaa vya bei: kuishika na kuidunga sindano huweza kuanzia kwenye chungwa. Akishazoea, ndipo aende kwa mgonjwa, msimamizi akiwa kando yake.

Na sisi je?

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu yake, na ya kukubali au kukataa. Basi usione haya kuuliza, "Mwanangu, msimamizi wako yuko wapi?" Akiwapo, na ukiridhika, mruhusu akupime presha au akusikilize tumbo la mimba. Nanyi wauguzi mnaopokea wanafunzi, tunajua kazi ni nyingi, lakini msiwaache wasimame ukutani wakitazama tu.

Kijana huyu ndiye pengine atakayekuwa peke yake zamu ya usiku katika zahanati ya kijijini, mjukuu wako akizaliwa kimya. Usiku huo hakutakuwa na nafasi ya kufungua kitabu. Tumsaidie ajifunze sasa.