Linalosikika si Lote la Kusimuliwa

Ukuta humzuia mwizi, nao mlango humzuia mgeni. Mawimbi ya redio hayazuiwi na kimoja kati ya hivyo. Hapo ulipoketi na jamaa zako baada ya kazi, ndugu msomaji, hewani hupita mazungumzo ya marubani, ya askari, ya wazima moto na ya mabaharia. Redio yako ya kawaida haiyanasi kwa sababu haikuundwa kwa kazi hiyo.

Ipo redio ya namna nyingine iitwayo skana. Redio ya kawaida hukaa juu ya stesheni moja mpaka uigeuze kwa mkono. Skana hupitia njia za mawasiliano moja baada ya nyingine kwa haraka sana. Ikikuta sauti ya mtu husimama, na mtu akinyamaza huendelea na safari yake. Huko Marekani na Ulaya watu wamekuwa nazo majumbani kwa miaka mingi. Siku hizi hata kwetu mtu akitaka ataipata. Hapana budi basi tujiulize: je, kila tunaloweza kulisikia tuna haki ya kulisimulia?

Jambo hili litaeleweka vyema tukitazama mahali kama Ifakara. Bonde la Kilombero limelala chini ya milima ya Udzungwa, ambayo kilele chake hupita mita 2,500. Wakati wa masika mto hufurika na kuyameza mabonde. Kabla ya kujengwa kwa daraja lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018, aliyetoka Ifakara kwenda Mahenge au Malinyi alikitegemea kivuko. Na kwa miaka mingi simu za mkononi hazikuwapo. Katika mazingira ya namna hiyo, kote Afrika Mashariki, misheni, zahanati na vituo vya askari wa wanyamapori viliunganishwa na simu ya upepo, ambayo wengine huiita redio kol. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 likijulikana kwa madaktari wake warukao, liliendesha kutoka Nairobi mtandao wa namna hiyo kwa ajili ya wagonjwa wa mbali.

Simu hizo zilitumia mawimbi mafupi, na kwa sababu nzuri. Mawimbi ya masafa ya juu zaidi, yale yatumiwayo na polisi mjini na stesheni za FM, husafiri kwa mstari ulionyooka. Yakikutana na mlima hukoma. Mawimbi mafupi hupanda mpaka kwenye tabaka la juu la anga na kurudishwa chini, ng'ambo ya mlima, mamia ya kilometa kutoka yalikoanzia. Na kwa sababu ya ule mstari ulionyooka, mtu wa bondeni huweza kumsikia rubani aliye mita 3,000 angani, karibu kilometa 200 kutoka kwake, wala asiisikie sauti ya mwongozaji wa ndege aliye kiwanjani.

Lakini tazama namna mazungumzo hayo yalivyoendeshwa. Vituo vingi vilitumia njia moja. Muuguzi aliita, daktari akajibu, na wengine wote wakangoja zamu yao huku wakisikiliza. Tuseme muuguzi anaeleza habari za mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana: umri wake, mimba yake ya ngapi, damu aliyopoteza. Hayo ni maneno ambayo nyumbani yangesemwa kwa sauti ya chini na wanawake peke yao. Hapa yalisemwa mbele ya bonde zima, kwa kuwa bila kuyasema mama angekufa. Mama huyo hakutoa siri yake ili wasikilizaji wapate cha kuzungumza. Aliitoa ili aokolewe.

Hapo ndipo ulipo msingi wa heshima. Aliyekuwa kwenye njia hiyo alitazamiwa kunyamaza, kuipisha dharura, na kutolibeba neno kwenda nalo sokoni. Mwenye skana leo yumo katika hali ile ile, ila hakuna anayejua kwamba yupo. Akisimulia, habari ya kifo huweza kumfikia mjane kutoka kwa jirani kabla ya kufikishwa na wanaohusika. Akitangaza kwamba askari wanaelekea mtaa fulani, mhalifu naye husikia. Akipiga kelele kwamba kuna ajali, umati hujaa barabarani na gari la wagonjwa hukosa njia. Mkoa wetu wa Morogoro unajua uchungu wa umati kukimbilia ajali: tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lililopinduka lililipuka na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Siku hiyo hapakuhitajika skana ili watu wakusanyike.

Sheria nazo zimelifikiria jambo hili. Ibara ya 16 ya Katiba yetu hulinda mawasiliano binafsi ya kila mtu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 hukataza kunasa mawasiliano ya watu bila idhini, na hukataza pia kuyafichua. Uingereza nayo hukataza kusikiliza ujumbe usiokusudiwa wewe. Marekani, ambako skana zimeenea, sheria ya mwaka 1934 ilikataza kuyaeneza yaliyonaswa hewani bila ruhusa ya mwenye kuyatuma, lakini ikaacha nje ya katazo hilo miito ya vyombo vilivyomo hatarini. Maana yake ni njema: anayeomba msaada ameuita ulimwengu wote.

Je, mzazi mwenye kijana anayependa redio amnyime? La. Mpeni redio yenye mawimbi mafupi na waya wa mita kumi hivi uwe eriali, uliofungwa mbali na nyaya za umeme na kuchomolewa ngurumo zianzapo. Asikilize stesheni za nchi za mbali, ajifunze kwa nini usiku huja zile ambazo mchana hazisikiki. Redio yake ikiweza, asikilize pia watu wa redio ya ridhaa, ambao huzungumza hadharani na wanaotambulikana Tanzania kwa alama inayoanza na 5H. Akitaka kuzungumza naye, ataomba leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini kununua chombo cha kupekulia mazungumzo ya polisi au hospitali si mchezo wa kumwachia mtoto, wala mtu mzima.

Na ikitokea kwamba sauti ya mtu aliye hatarini imekufikia, kwa redio ama kwa njia nyingine, usiisambaze mitaani. Wapigie wanaoweza kusaidia: polisi kwa 112, zimamoto kwa 114, na kwa usafiri wa dharura wa mama mjamzito au mtoto mchanga, 115. Waeleze mahali, saa na ulilolisikia bila kuongeza chumvi. Kisha uwaachie njia wafanye kazi yao.