New Zealand: Ugonjwa wa sungura ulioingizwa kwa siri na funzo lake

Mwezi Agosti mwaka 1997, mizoga ya sungura mwitu ilianza kuonekana katika mashamba ya kondoo karibu na mji wa Cromwell, eneo la Central Otago, katika Kisiwa cha Kusini cha New Zealand. Vipimo vya maabara vilithibitisha kuwa wanyama hao wameuawa na virusi ambavyo mwezi mmoja tu kabla ya hapo mamlaka ya kilimo ilikuwa imekataa kuviruhusu kuingia nchini. Virusi hivyo vililetwa kwa magendo, na tangu wakati huo havijaondoka.

Ni sungura gani anayezungumziwa?

Kwa Kiswahili neno sungura hutumika kwa wanyama wawili tofauti. Yule wa nyika za Afrika Mashariki, mjanja wa hadithi, hulala juu ya ardhi wala hachimbi mashimo. Anayeisumbua New Zealand na Australia ni sungura wa Ulaya, anayeishi kwa makundi ndani ya mashimo na ambaye ndiye asili ya sungura wanaofugwa majumbani.

Walowezi wa Kiingereza walimpeleka New Zealand katika karne ya 19 kwa ajili ya nyama na uwindaji. Kufikia miaka ya 1870, sungura walikuwa wameenea kote Southland na Otago, na baadhi ya wafugaji walilazimika kuyahama malisho yao. Mwaka 1876 Bunge likapitisha sheria ya kupambana nao. Miaka ya 1880 waliletwa vicheche kutoka Ulaya ili wawale sungura. Vicheche hao waliwageukia pia ndege wa asili, akiwemo kiwi asiyeruka, na hadi leo ni miongoni mwa maadui wakubwa wa ndege hao.

Kwa nini wakulima walitaka ugonjwa?

Australia ilikuwa na mfano. Mwaka 1950 iliachilia virusi vya miksomatosisi, vinavyosambazwa na mbu na viroboto, na mwanzoni karibu kila sungura aliyeambukizwa alikufa. Baada ya miaka michache virusi vilipungua ukali na sungura wakajenga ukinzani. New Zealand nayo ilijaribu ugonjwa huo miaka ya 1950, lakini haukushika kwa kuwa wadudu wa kuusambaza hawakutosha.

Ndipo ukaja ugonjwa wa kutokwa damu wa sungura, ulioripotiwa kwa mara ya kwanza nchini China mwaka 1984. Virusi vyake hushambulia ini, na sungura mkubwa hufa siku chache tu baada ya kuambukizwa. Binadamu hapati ugonjwa huo. Mwaka 1995, wanasayansi wa Australia walipokuwa wakivifanyia majaribio katika kisiwa cha Wardang, virusi hivyo viliponyoka na kufika nchi kavu. Nzi ni miongoni mwa wanaodhaniwa kuvibeba. Katika maeneo makavu ya Australia sungura walikufa kwa wingi mno.

Wafugaji wa Otago waliyaona hayo kutoka ng'ambo ya bahari. Kwa hesabu ya wakulima, sungura 10 hula majani yanayomtosha kondoo mmoja, na mashimo yao huacha udongo wa milima mikavu ukipeperushwa na upepo. Ombi la kuingiza virusi likawasilishwa rasmi. Mwezi Julai 1997 jibu likawa hapana.

Virusi vilivyosagwa jikoni

Wiki chache baadaye ugonjwa ulikuwa tayari mashambani. Baadhi ya wakulima walichukua maini na viungo vingine vya sungura waliokufa, wakavisaga kwa mashine za jikoni, wakachanganya na shayiri au karoti na kutawanya chambo hicho malishoni. Serikali ilipobaini kuwa haiwezi tena kuuzuia ugonjwa, ilihalalisha matumizi yake.

Waliofanya hivyo waliona wameokoa ardhi yao. Waliowapinga walisema kuwa nchi inayotegemea kilimo, na inayomkagua msafiri hadi tope la viatu vyake, haiwezi kumwachia kila mtu aamue ni ugonjwa gani uvuke mpaka.

Hata kwa lengo la wakulima wenyewe, haraka ile ilikuwa na gharama. Mtoto wa sungura mwenye umri wa wiki chache huambukizwa bila kufa, kisha hubaki na kinga. Chambo kilichotawanywa wakati wa kuzaliana, au chenye virusi vilivyokwisha nguvu, kilifanya kazi ya chanjo. Idadi ya sungura ilishuka sana katika sehemu nyingi, lakini waliosalia na kinga waliendelea kuzaana.

Aina mpya mbili katika mwaka mmoja

Mwaka 2018, safari hii kwa kibali, mamlaka ziliachilia aina nyingine ya virusi hivyo, inayojulikana kama K5, yenye asili ya Korea. Mwezi Mei mwaka huohuo aina tofauti kabisa, RHDV2, iligunduliwa katika mkoa wa Marlborough bila mtu yeyote kupewa ruhusa ya kuiingiza. Aina hiyo ilitambuliwa kwanza Ufaransa mwaka 2010, ikaonekana Australia mwaka 2015, na huua hata sungura wachanga.

Kwa wanaofuga sungura majumbani hiyo ilikuwa habari ya hofu, kwani virusi havibagui sungura wa shambani na wa mtoto wa shule. Madaktari wa mifugo huwashauri wafugaji kuulizia chanjo, kuzuia nzi, na kutowapa sungura majani yaliyokatwa mahali wanapopita sungura mwitu.

Kwingineko kilio ni kinyume. Nchini Hispania na Ureno, ambako sungura huyu ni mnyama wa asili, ugonjwa huohuo umemnyima chakula linksi wa Iberia, paka mwitu adimu, na wahifadhi hutumia fedha kurejesha sungura porini.

Huko Central Otago, sungura bado wapo, na wakati wa Pasaka wawindaji hukusanyika Alexandra na kuua maelfu yao. Sumu, uzio na bunduki, zana walizokuwa nazo wakulima kabla ya 1997, zingali zinahitajika. Virusi vilipunguza kazi hiyo kwa muda, lakini havikuimaliza, na hakuna mamlaka iliyo na uwezo wa kuvirudisha vilikotoka.