Mtoto Anasoma Nini Nyumbani?

Somo: 2 Timotheo 1:5, 3:14-15



Sisi tuliokulia katika kambi za Gécamines hapa Kolwezi tunalikumbuka gazeti la Mwana Shaba. Union Minière ililianzisha mwaka 1957 kwa wafanyakazi wake, na Gécamines ikaliendeleza. Watoto walikuwa na lao, Mwana Shaba Junior, lenye hadithi za picha. Sisi wadogo tuligombania nakala zilizochakaa za kaka zetu.

Jina lenyewe lilikuwa fundisho: ninyi ni wana wa shaba. Tukaota kazi ya mgodi, nyumba ya kambi na posho ya kila mwezi. Kisha mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, kampuni ikadhoofika, na ile ndoto ikaisha. Lakini kusoma hakukuisha. Waliozoea kusoma tangu utoto walipata mahali pa kuanzia tena: huyu akawa mwalimu, yule muuguzi, na sisi tukaingia shule ya Biblia.

Kwa hiyo tunaona mambo mawili. Maneno ambayo mtoto anasoma yanamwambia yeye ni nani. Na mazoea ya kusoma yanabaki naye hata mambo mengine yakipotea.

Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto. Baba yake alikuwa Mgiriki, lakini nkambo wake Loisi na mama yake Eunike walikuwa na imani, na imani hiyo ikakaa ndani yake pia. Malezi yake yalianzia nyumbani.

Leo watoto wetu wengine wanaosha mawe ya madini mtoni. Tangu 2019 serikali imetangaza masomo ya msingi kuwa bure, lakini mtoto asiyeona kitabu nyumbani hudhani kusoma ni kazi ya shule tu. Kesho atakuwa kijana mbele ya depo, mkononi ana karatasi ya kilo, asilimia na bei. Asipojua kusoma, atamwomba mnunuzi amsomee. Je, nani atamtetea hapo?

Wazazi, tuanze juma hili. Kila jioni dakika kumi: mtoto asome kwa sauti, nasi tusikilize. Umeme ukikatika, tochi ya simu inatosha. Mzazi asiyejua kusoma asione haya. Akae karibu, aulize maswali. Tusome Biblia, tusome pia hadithi na vitabu vya shule. Watoto wetu wajue kwamba kabla ya kuwa wana wa shaba, ni wana wa Mungu.

Bwana awabariki.