Dawa za Miti Shamba na Mama Mja Mzito

Katika nchi ya Meru na Embu ni nyumba chache zisizojua dawa ya majani au magome. Mama akipata mimba huletewa ya kutuliza kichefuchefu, ya kusafisha tumbo, na ya kurahisisha uzazi. Hatusemi kwamba wazee wetu walikuwa wajinga. Tangawizi kidogo katika chai humsaidia mama mwenye kichefuchefu, wala madaktari hawaikatazi. Lakini yafaa tujue kwamba mengi anywayo mama huingia katika damu yake, hupita kwenye kondo la nyuma, na kumfikia mtoto.

Shubiri, kwa mfano, huharisha kwa nguvu, na waja wazito hukatazwa kunywa utomvu wake kwa kuwa waweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Tena ni nani apimaye? Kidonge kina kipimo chake. Nguvu ya magome hutegemea mti, majira, na muda wa kuchemsha.

Huenda wengine wakashangaa nikitaja miraa na muguka. Ndiyo mali yetu: miraa ya Igembe na Tigania, na muguka wa Mbeere, vimelipa karo za watoto wengi. Hata hivyo majani hayo mabichi yana kathinoni, ambayo hubana mishipa ya damu, na damu iendayo kwa mtoto yaweza kupungua. Isitoshe, atafunaye hasikii njaa. Basi mtoto atalishwa nini? Uchunguzi uliofanywa Yemeni na Ethiopia umeonyesha kwamba watoto wa akina mama watafunao huelekea kuzaliwa na uzito mdogo.

Asidhani mtu kwamba twasifu cha dukani na kulaumu cha shambani. Thalidomide ilitoka kiwandani. Iliuzwa Ujerumani tangu 1957 hata 1961, na wajawazito wakaimeza kwa ajili ya kichefuchefu. Wao walilala vizuri tu. Watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na viungo vilivyolemaa.

Kwa hiyo, bwana, mkeo aendapo kliniki, iwe Chogoria au Embu, na achukue majani hayo au chupa hiyo amwonyeshe mkunga, mapema, maana viungo vya mtoto hufanyika katika majuma ya kwanza. Wakunga nao, tafadhali, wasimkaripie, asije akaificha safari ya pili. Na aulize kama dawa hiyo yapatana na vidonge vya madini ya chuma anavyopewa huko.